Randa kuukuu za Stanley na Record: nilikozipata Kisumu hadi Nakuru, na moja iliyonila pesa

MarandaTu (Kisumu), mwenye uzi

Habari za jioni mafundi. Tangu niweke ile picha ya meza ya mvule, watu watatu wameniuliza kando nimetoa wapi randa na nilinunua pesa ngapi. Kujibu jambo moja mara tatu kumenichosha, kwa hivyo naliandika hapa mara moja, hata wa nne akija nitamwelekeza huku.

Mimi ni fundi wa milango na vitanda, karakana yangu iko Nyalenda, na nilikuwa mtu wa mashine tu. Wiki moja stima ikapotea siku mbili mfululizo na mteja anataka mlango wake Ijumaa. Nikaenda kwa mzee jirani kuazima randa ya mkono. Akanipa Record 05 ya buluu, rangi imebanduka, mkono wa nyuma umelainika kama sabuni iliyotumika. Nikapiga mara ya kwanza, kisu kikatoa utepe mmoja wa maranda kutoka mwanzo wa mbao hadi mwisho, mwembamba hadi nikaona kidole changu upande wa pili. Wanaojua mvule wanajua nyuzi zake zinavyopinda huku na huku. Randa ya umeme hunyofoa na kuacha mawimbi, halafu unamlipa kijana apige msasa nusu siku. Hapo hapakuwa na cha kupigwa msasa. Mzee nilimrudishia randa yake Jumamosi jioni, na Jumapili asubuhi nilikuwa soko la Kibuye natafuta yangu.

Kabla hamjaniuliza kwa nini nisinunue mpya: nilinunua. Ya dukani, ya bei nafuu, jina silitaji. Tumbo lake, yaani upande wa chini unaoteleza juu ya mbao, lilikuwa limepinda kama ganda la muhogo na kisu kikalala kwa fundo la kwanza la saipresi. Kumbe umbo lenyewe halijabadilika sana tangu Leonard Bailey wa Marekani alivyolibuni, na Stanley wakanunua hataza zake mwaka 1869. Gurudumu la kushusha kisu, kibanio cha juu, vyote viko vilevile. Kilichobadilika kwa hizi za bei rahisi ni chuma na uangalifu wa aliyeitengeneza.

Huku kwetu nyingi ninazokutana nazo zimeandikwa Made in England, ama Stanley za Sheffield ama Record, nao pia ni wa Sheffield, walianza kutengeneza randa mwanzoni mwa miaka ya 1930. Namba zao ni zilezile, Record wanatanguliza sifuri tu. Namba 4 ni fupi, inchi 9 na kidogo, ya kulainisha. Namba 5 ni inchi 14, hii ndiyo ya kila kazi, na kama utanunua moja tu nunua hii. Namba 7 ni inchi 22, ya kunyoosha ukingo wa mbao mbili zikutane bila mwanga kupita. Namba 6 iko katikati na sijawahi kuona sababu ya kuihangaikia.

Sasa mahali. Kibuye Jumapili, kwa wale wanaotandaza vyuma chini juu ya gunia: spana, pampu za baiskeli, mikasi ya kukatia majani chai, na katikati yake randa haina kisu. Nenda mapema. Usiulize «kuna randa?» kwa sauti, bei itapanda kabla hujainama. Inama kwanza, okota spana, uliza bei ya spana.

Pili, kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Wao hupima kwa kilo. Namba 7 ina karibu kilo tatu na nusu, kwa hivyo ukimpa mara kadhaa ya bei ya mizani anafurahi na wewe unafurahi zaidi.

Tatu, na hapa ndipo nilipopata nzuri zaidi, ni nyumbani kwa mafundi wa zamani. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901 na ilikuja na maseremala Wahindi waliofundisha watu wengi kazi. Kaimosi nako, wamisheni Wakweka kutoka Marekani walianzisha misheni yao mwaka 1902, na jina lake lenyewe lilikuwa na neno la viwanda ndani. Walikata mbao, walifundisha useremala. Wanafunzi wa wanafunzi wao ni wazee wetu, na masanduku yao yako chini ya vitanda.

Hesabu zangu hadi leo: Record 04 kwa shilingi 800 Kibuye, Stanley namba 5 kwa 1,200 kutoka kwa mzee wa Kibos, na Stanley namba 7 kwa 2,500 kutoka uwanja wa chuma chakavu. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyonila.

Ilikuwa imepakwa rangi nyeusi, mbichi kidogo, inanukia. Mimi nikaona «ameitunza». Nilipofika nyumbani nikaivua kila kitu, nikaiosha kwa mafuta taa, na hapo kwenye pembe ya mdomo, pale kisu kinapotokea chini, ukatokea ufa mwembamba kama unywele, unapanda ubavuni hadi karibu na juu. Iliangushwa kwenye sakafu ya saruji, hiyo ni wazi. Randa hizi ni chuma cha kumimina, hazipindi, zinavunjika. Nilirudi uwanjani, yule bwana akaniambia yeye huuza chuma, hauzi randa. Nikakosa la kujibu.

Kwa hivyo msikilizeni aliyechomeka. Toa kisu na kibanio, ining'inize kwa kidole kimoja kwenye mkono wa nyuma, igonge ubavu kwa kipande cha mbao. Nzima inalia kama kengele ndogo na sauti inakaa. Yenye ufa inasema «ko» inanyamaza. Nikiikumbuka hiyo «ko» naumwa na tumbo.

---

Kijana_Luanda

Asante sana fundi. Mimi niko Luanda, nimemaliza chuo cha ufundi mwaka jana. Sokoni hapa kuna moja, kutu tupu, nyekundu kama tope la Vihiga. Mama anayeuza anataka 1,500. Imeandikwa Stanley na inaonekana No 5. Gurudumu halizunguki kabisa. Niiache?

---

MarandaTu

Kutu isikutishe. Kutu ni uchafu. Angalia vitu vitatu tu, na uangalie papo hapo usione haya.

Moja, ufa, nimeshasema. Mbili, kisu kimebaki kiasi gani. Kile kisu kina mfereji mrefu katikati. Kutoka mwisho wa mfereji hadi kwenye makali kukibaki chini ya sentimita mbili, kisu kimeisha, hesabu bei ya kingine. Na kama makali yana rangi ya samawati au kahawia, mtu alikinoa kwa grainda akakichoma, ugumu umetoka hapo. Tatu, hesabu skrubu na boliti zote. Zote. Hizi skrubu hazipatikani katika duka lolote la vifaa ninalolijua. Nyuzi zake ni za peke yake: boliti ya milimita 6 haiingii, ya milimita 5 inacheza ndani. Randa yenye kutu kila mahali lakini iliyokamilika ni afadhali mara kumi kuliko inayong'aa na imekosa nati moja.

---

Kabati_na_Meza

Samahani lakini huu ni mchezo wa matajiri. Mimi nina wafanyakazi wanne, kila siku tunatoa kabati mbili. Nikimpa kijana randa ya mkono tutatoa kabati moja kwa wiki na mteja hatalipa zaidi hata shilingi. Nyinyi mnapenda chuma, hampendi biashara.

---

MarandaTu

Hujakosea kwa kabati za bodi. Bodi haihitaji randa, inahitaji msumeno na gundi. Lakini meza ya mvule ya shilingi elfu sitini, mteja anaiegemea kwa dirisha saa kumi jioni mwanga ukiwa chini, anaona kila wimbi. Mimi bado natumia mashine kupunguza unene. Mkono ni wa mwisho.

Na mvule wenyewe siku hizi unajua bei yake. Ukinyofoa ubao mmoja umepoteza faida yote. Hebu piga hesabu hiyo kabla ya kuniita tajiri.

---

Omera_Welder (Kondele)

Omera, kwa kutu mimi nina dawa, na wewe umewahi kuiona kwangu ukacheka. Beseni la plastiki, maji, na magadi. Yale magadi meupe safi, kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita nne. Chaja ya betri ya gari, ya volti 12. Waya mwekundu, yaani chanya, unashika kipande cha chuma cha kutupa, nondo kuukuu au bati nene. Waya mweusi unashika randa. Visigusane! Ukiwasha utaona mapovu yanatoka kwenye randa. Acha masaa matano sita. Ukitoa, kutu imekuwa tope jeusi, unasugua kwa brashi na maji tu.

Mambo ya kuepuka, sikiza kijana wa Luanda. Toa mikono ya mbao na gurudumu la shaba kwanza. Usitumie chuma kisichoshika kutu, yaani vijiko na sufuria zile zinazong'aa, upande wa chanya: kinatoa sumu ndani ya maji. Usiweke chumvi ya jikoni badala ya magadi, utavuta gesi ya klorini. Na fanyia nje, yale mapovu ni haidrojeni, cheche moja inatosha. Mimi nachomelea kazi yangu yote lakini beseni hili huwa naliweka nyuma ya nyumba, mbali.

Na kabla hujauliza: hapana, ule ufa wa namba 7 siuchomelei. Chuma cha kumimina ukikipasha moto upande mmoja kinapasuka upande mwingine, na hata kikishika, tumbo litapinda. Naweza kukijaza kwa shaba, lakini baada ya hapo unyooshe tumbo la inchi 22 kwa msasa. Utalia.

---

MarandaTu

Sikucheka. Nilitabasamu.

Kwa asiye na chaja, siki nyeupe ya chupa inafanya. Ilaze usiku mmoja, asubuhi isugue, isuuze kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua asidi, ikaushe juani mara moja na upake mafuta. Usiisahau ndani siku tatu, siki ikimaliza kutu inaanza kula chuma chenyewe. Nilipoteza skrubu moja namna hiyo, ilitoka nyembamba kama njiti.

---

NakuruMsasa

Wadau, salamu kutoka Section 58. Mimi nakusanya zaidi ya kutumia, nikiri mapema. Huku Nakuru tuna bahati kwa sababu ya mashamba: Njoro, Molo, Subukia. Kila shamba kubwa la walowezi lilikuwa na karakana yake, na vyombo vilibaki kwa wafanyakazi au vikauzwa shamba lilipogawanywa. Nimepata Stanley ya Marekani kwa mzee wa Njoro aliyekuwa anaitumia kama uzito wa kushikilia mlango wa zizi.

Kwa wanaotaka kujua umri. Ukitoa kisu na kile kipande cha chuma kinachokibeba (Waingereza wamekiita chura, msiniulize kwa nini), tazama sakafu ya randa nyuma yake. Ukikuta tarehe tatu za hataza, MAR-25-02, AUG-19-02 na APR-19-10, hiyo ni Stanley ya takriban 1910 hadi 1918. Tundu la kibanio nalo linasema: lenye umbo la figo lilikuja na hataza ya 1933, la kabla yake linafanana na tundu la kufuli. Lakini kibanio kinaweza kuwa kilibadilishwa, kwa hivyo usiamini shahidi mmoja. Nina moja ambayo mwili ni wa vita vya kwanza, kibanio ni cha miaka ya hamsini na kisu ni cha Record. Inakata vizuri kuliko zote.

Jambo jingine, risiti. Sheria ya vyuma chakavu ipo tangu 2015, na mnakumbuka 2022 biashara hiyo ilipigwa marufuku kuanzia Januari hadi Mei baada ya nguzo za umeme kuangushwa. Ukinunua kwenye uwanja, dai karatasi. Kuna randa zinazotoka karakana za shule usiku.

Na kwa njia ya halali, shule hizohizo huuza vyombo kwa mnada. Mtaala wa 8-4-4 ulipoanza 1985 shule nyingi zilijenga karakana za useremala, vyombo vikaja, halafu somo likafifia na vyombo vikafungiwa stoo. Vikitangazwa kuuzwa vinauzwa kwa fungu. Nilinunua fungu la randa tisa kwa sababu ya mbili. Saba zilikuwa na visu vilivyofungwa kichwa chini. Wanafunzi, mnajua tena.

---

BintiSeremala

Nimesoma uzi huu wote kwa moyo mzito kidogo. Baba yangu alikuwa seremala Bungoma miaka arobaini. Alipofariki, wiki ya pili tu, akaja kijana mmoja na pikipiki akasema anasaidia familia kuondoa vyuma. Mama akampa sanduku zima kwa shilingi 500. Randa tano, patasi, kila kitu. Tulidhani ametufanyia wema. Mwaka uliopita nikaona moja mtandaoni ikiuzwa elfu nne, na kwenye kirungu cha mbele kuna herufi mbili za jina la baba, alizigonga mwenyewe kwa msumari, nukta nukta. Naijua hata gizani.

Kwa hivyo ukisema «masanduku yako chini ya vitanda», mimi nasikia kitu kingine.

---

MarandaTu

Dada, pole sana kwa baba. Nimekaa na simu mkononi dakika kumi sijui niandike nini.

Ile namba 5 yangu ya Kibos, mzee alikuwa hai na alinitajia bei mwenyewe, tena alinionyesha namna ya kuinoa. Lakini sitasema mimi ni msafi. Kama angekuwa mjane na angesema 300, sijui kama ningemwambia «mama, hii ni elfu mbili». Ningependa kusema ndiyo.

Ile ya mtandaoni iliuzwa?

---

BintiSeremala

Iliuzwa. Nilimwandikia muuzaji, hakujibu.

---

Mzee_wa_Patasi (Kakamega)

Mulembe wote. Mimi sina mambo mengi ya kuandika kwa simu, vidole vyangu ni vikubwa.

Binti, baba yako na mimi huenda tulipita shule moja ya useremala. Pole. Nyinyi vijana, ukiingia nyumba ya msiba kununua vyombo, ingia na mtu wa familia anayejua kazi, na utaje bei ya sokoni kwanza kisha ndiyo mpatane. Sisi tulipokuwa tunanunua ng'ombe kwa mjane hatukupatana na yeye, tulipatana na shemeji zake. Kwa randa pia iwe hivyo.

Ya pili. MarandaTu anawaambia mvule haunyofoki kwa randa ya mkono. Unanyofoka sana, akikosea kitu kimoja. Kisu kina mwenzake, kile kibati kinachofungwa juu yake kwa skrubu. Watu wanadhani ni cha kushikilia. Hapana. Kinavunja maranda kabla hayajaanza kupasua mbao mbele ya kisu. Kwa mbao laini kikae nyuma ya makali kama milimita moja na nusu. Kwa mvule na kila mti wenye nyuzi za kupinda, sogeza mpaka ubaki upana wa mstari wa kalamu, nusu milimita au pungufu. Na ukingo wa hicho kibati ukae bapa juu ya kisu bila mwanga kupita, inua kuelekea jua uangalie. Ukiona mwanga, maranda yataingia hapo, randa itasonga, utaanza kulaumu chuma. Kinoe hicho kibati pia.

Pembe ya kisu ni digrii 25, na ncha ya mwisho 30. Mgongo wa kisu, yaani upande usio na pembe, uwe kama kioo kwa sentimita moja ya mwisho. Wengi hunoa upande mmoja tu. Kisu kina pande mbili.

---

Kabati_na_Meza

Mzee hilo la kibati sikulijua. Miaka kumi na sita kwenye kazi. Nitajaribu kesho, lakini sijabadilisha msimamo.

---

MarandaTu

Mzee wangu asante. Mimi nilikiweka sawa kwa bahati tu, kwa sababu jirani alikuwa ameshakiweka.

Nimalizie la kunyoosha tumbo kwa sababu Omera amelitaja. Kunyoosha unahitaji kioo kinene, cha milimita sita au zaidi, kiwe juu ya meza iliyo sawa. Gundisha msasa namba 80 juu yake. Chora mistari ya kalamu tumboni mwa randa. Acha kisu ndani, kimerudishwa juu kisiguse, na kibanio kimebana kama kawaida, kwa sababu ule mbano unavuta mwili kidogo na unataka kunyoosha ukiwa umevutwa hivyo. Sugua. Mistari inayofutika ni vilima, inayobaki ni mabonde. Si lazima yote ifutike. Inayotakiwa ni sehemu ya mbele kabisa, ukingo wa mbele ya mdomo, na nyuma kabisa. Hizo zikiwa usawa mmoja, acha, nenda ukale. Halafu msasa 120, halafu 220. Namba 4 ilinichukua saa moja na nusu. Ukimaliza paka mshumaa mweupe tumboni, inateleza kama mtumbwi.

Gurudumu likizunguka nusu mzunguko au hata mmoja kabla kisu hakijasogea, hilo ni kawaida, usilirudishie mtu pesa kwa sababu hiyo.

---

Jirani_Mwanza

Wakuu, nawasoma kutoka ng'ambo ya ziwa. Huku kwetu tumezoea kisu tu. Ukipata kisu kizuri cha Sheffield bila mwili, usikitupe. Tafuta gogo la mninga lililokauka vizuri, miaka si miezi, lichimbe kitanda cha digrii 45, mdomo mwembamba, kabari ya mbao juu. Babu zetu walifanya hivyo na majahazi yalielea. Ukitaka kushusha kisu gonga mbele kwa nyundo ya mbao, ukitaka kukirudisha gonga nyuma. Haina skrubu hata moja ya kupotea.

Mimi nilipewa randa ya Record na shemeji aliyekuja kutoka Leicester, huko zinauzwa kwenye magulio ya Jumapili asubuhi, watu wanafungua buti za magari. Tahadhari moja kwa walio na ndugu huko: kisu kiwekwe kwenye begi la kupakiwa, si la mkononi. Cha kwake cha kwanza kilichukuliwa uwanja wa ndege.

---

NakuruMsasa

Mkuu wa Mwanza, nitumie picha ya hiyo ya mninga tafadhali. Hiyo ndiyo ningependa kuikusanya.

---

Kijana_Luanda

Nimerudi. Nimeinunua! Mama alishuka hadi 1,100. Niliigonga mbele yake, ikalia vizuri, akaniuliza kama nataka randa au kengele ya kanisa. Kisu kimebaki sentimita nne. Chini ya kutu imeandikwa Made in England. Nimeilaza kwenye siki usiku, gurudumu limeachia lenyewe asubuhi.

Lakini nilihesabu vibaya. Mkono wa nyuma unashikwa na boliti ndefu, hiyo ipo, ila kwa mbele ya mkono kuna tundu dogo la skrubu na skrubu haimo. Mkono unazunguka kila nikisukuma. Nimezunguka maduka yote ya Luanda na Majengo. Kweli ya sita haiingii na ya tano inacheza, kama ulivyosema. Nimejaribu kuifunga kwa uzi na gundi, ni aibu.

---

Omera_Welder

Usiguse tundu hilo kwa kukata nyuzi mpya. Mtu akifanya hivyo nasikia uchungu hapa Kondele.

---

MarandaTu

Ngoja.

Nimetoka karakana. Ile namba 7 yangu ya ufa, nimeifungua sasa hivi. Mkono wake una skrubu hiyohiyo mbele, nayo ni Stanley ya England kama yako. Nimeijaribu kwenye namba 5 yangu, imeingia hadi mwisho bila kulazimishwa.

Jumapili nitakuwa Kibuye saa moja asubuhi, kwa wale wa spana, upande wa kuingilia. Njoo na randa yako mkononi tuifunge hapohapo. Skrubu ni bure. Ukipita kwa yule mama umwambie kengele bado inalia.

---

Kijana_Luanda

Nitapanda matatu ya kwanza. Nitakuletea ndizi.

---

BintiSeremala

MarandaTu, ukiwa Kibuye hiyo Jumapili, angalia virungu vya mbele. Herufi ni W na M, nukta nukta. Mguu wa M ni mfupi upande wa kulia, msumari uliteleza.

---

MarandaTu

Nimeandika kwenye ukuta wa karakana, juu ya meza. Nitaangalia kila Jumapili.